Ukaguzi wa Konokono

9 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na mkali kama kawaida yako. Mimi mwili haujambo. Kichwa ndicho kilichoomba ruhusa, nacho kimepewa. Baba aliniandikia kwamba goti limeanza tena kumsumbua, na kwamba wewe umemkataza kupanda paa la mtu yeyote hadi lipone. Umefanya vizuri. Fundi paa wa miaka sitini na nane angesikia la nani kama si la dada yake?

Najua umenipigia simu, na najua umekasirika. Sikuizima kwa ajili yako, nimeizima kwa kila mtu. Mlio wa simu siku hizi unanitoa jasho mikononi, na kwa mtu aliyetafuta riziki miaka tisa kwa kupokea simu za dharura, hilo ni balaa.

Kuna simu moja niliyoipokea Desemba ambayo sitaisimulia. Wakubwa waliichunguza, wakasema sina kosa. Nikarudi kwenye kiti, nikavaa hedifoni, taa ya simu inayoingia ikawaka, na sauti ikagoma kutoka. Siku tatu mfululizo. Basi nimepewa likizo ya miezi minne. Tarehe mosi Juni lazima wawe wameshajua kama narudi kwenye kiti changu au nahamishiwa stoo ya mafomu, ghorofa ya chini kabisa, ambako hakuna simu hata ya kuagizia chai. Kiti changu nakipenda, Shangazi. Nakitaka. Hilo nakuandikia wazi, usije ukasema nimekuficha kila kitu.

Daktari wa kazini amenipa dawa ya ajabu: kila siku nifanye jambo moja lisilo na faida yoyote. Si kusoma, si kufuma, si mazoezi, maana hayo yote yana matokeo. Nikamwambia kwetu hakuna anayejua kufanya hivyo. Sisi tukikaa bure tunashika ufagio. Akacheka, akasema nitafute mtandaoni, huko upuuzi haujawahi kuadimika.

Hakudanganya. Juzi nimeipata tovuti yenye kiazi kimoja. Ukisogeza kipanya kushoto, kiazi kinageuka kushoto. Ukisogeza kulia, kinageuka kulia. Basi, hakuna kingine. Nilikigeuza kiazi kile dakika arobaini. Nyingine ina kitufe chekundu. Ukikibonyeza kinakuandikia maneno. Mara ya kwanza: "Asante." Mara ya pili: "Tena?" Mara ya kumi na moja: "Kwani kwenu hakuna vyombo vya kuosha?" Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Sikuwa nimecheka tangu Desemba.

Anwani zake nimekuandikia kwenye kikaratasi cha ndani. Maktaba yenu ina kompyuta. Jaribu, usione haya.

Mwanao Kipaza
(Ulinipa jina hili kwa sababu ya kelele zangu. Sasa njoo ulione.)


20 Februari

Kipaza,

Marahaba, mwanangu, tena marahaba. Barua yako imefika na duara la kikombe cha chai juu ya bahasha. Sijui ni chai yako au ya posta. Sisi huku hatujambo. Baba yako analalamika, kwa hiyo ni mzima. Anakusalimu na anasema goti haliumi, ila hayo anayasema akiwa ameketi.

Kuhusu simu ya Desemba, sitauliza. Miaka thelathini na mbili nilikuwa mkaguzi wa mizani. Nilikuwa naingia dukani najua jiwe la kupimia lina kasoro kabla sijalishika, kwa jinsi muuzaji alivyokazana kunisimulia habari za mvua. Najua mtu anapozunguka. Lakini jipu lisiloiva halikamuliwi. Likiiva utaniita.

Sasa kiazi chako. Nimekwenda maktaba Jumatano. Mkutubi, mama wa makamo kama mimi, mwenye miwani ya kamba, akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia kiazi. Akanipeleka kwenye rafu ya kilimo. Tulipoelewana, akanifungulia. Nikakigeuza kushoto, nikakigeuza kulia. Nikatafuta uzito wake, haukuandikwa. Bei, hakuna. Jina la mwenye kiazi, hakuna. Nikakaa robo saa nikidhani labda kitachipua. Kipaza, enzi zangu kiazi hicho ningekifungia siku hiyohiyo.

Kitufe ndicho kilichonikosea adabu. Mara ya kwanza kilisema asante, nikaona huyu amelelewa. Mara ya tano kikaniuliza: "Huna wajukuu?" Nikamwita mkutubi, nikamwambia aliyeandika haya ananijua. Akaja, akabonyeza yeye, kikamwambia: "Mkuu wako anakuona." Akageuka nyuma kweli! Tulicheka watu wazima wawili tukashikilia meza, na maktaba ni mahali pa kunyamaza. Bwana mmoja aliyekuwa anajaza fomu ya kuomba kazi akaweka kidole mdomoni kutunyamazisha kama watoto.

Nilipotoka nje niligundua sijacheka hivyo tangu nistaafu. Lakini usije ukadhani nimekubali. Kitu kisicho na kipimo hakijawahi kunikaa vizuri moyoni. Nitumie kingine, chenye mwanzo na mwisho, nami nitakikagua.

Shangazi yako,
Mkaguzi (mstaafu, macho bado yako kazini)


4 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya mkutubi. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi za jengo letu, sikuweza kungoja kufika ghorofa ya tatu. Mwambie Baba nimepata ile picha yake na fimbo mpya. Anaonekana kama mwenye jengo. Mimi sasa natoka kila siku asubuhi, nafika hadi posta, narudi. Nimeanza pia kula mezani badala ya kula nimesimama.

Jumamosi nilijaribu kuwasha simu. Ikalia palepale. Nikaitia kwenye sufuria nikaifunika, nikakaa jikoni naitazama sufuria inavyotetemeka. Baadaye nikaona alikuwa mtu wa kuuza bima. Nimeizima tena. Usinicheke. Au nicheke, potelea mbali.

Umetaka chenye mwanzo na mwisho. Basi nakutumia konokono. Anaingia upande wa kushoto wa skrini, anatoka upande wa kulia, basi. Humsukumi, humlishi. Ukigusa kipanya anajikunja ndani ya nyumba yake, na unamsubiri mpaka akusamehe. Wameandika chini kwamba safari moja ni masaa matatu kamili. Najua wahenga walisema mwenda pole hajikwai, lakini huyu amezidi.

Mimi sijawahi kumfikisha. Nikikaa naye kama nusu saa, akili inatulia, na ikishatulia inanirudisha kulekule nisikotaka, nami nafunga kompyuta. Kwa hiyo sijui upande wa pili kuna nini. Ukifika, niambie.

Kipaza


23 Machi

Binti wa kaka yangu,

Marahaba. Salamu zako zimewafikia wote. Mkutubi amezipokea kwa mikono miwili na anakuita "yule wa kiazi". Baba yako juzi nilimkuta ameegemeza ngazi ukutani, eti anaifuta vumbi. Nimeipeleka ngazi kwa jirani.

Taarifa ya ukaguzi ni kama ifuatavyo. Safari ya kwanza, Jumatatu: konokono alianza saa tatu na dakika tano asubuhi, nami nikaibonyeza saa yangu ileile ya kazini. Nilikaa wima, sikugusa kipanya. Mkutubi aliniambia naweza kwenda kunywa chai nikarudi, nikamshangaa. Mkaguzi haachi kinachokaguliwa. Alifika baada ya masaa mawili na dakika hamsini na moja. Safari ya pili, Alhamisi: masaa matatu na dakika saba. Tofauti ni dakika kumi na sita, Kipaza! Na wameandika "kamili". Muuza nyama angefungiwa kwa chini ya hapo.

Nimemwandikia mwenye konokono malalamiko rasmi kwa barua pepe, mkutubi akipiga chapa na mimi nikitamka. Nimemtaka aeleze kasoro hiyo ndani ya siku kumi na nne au aondoe neno "kamili". Bado hajajibu.

Umeuliza upande wa pili kuna nini. Hakuna kitu. Anatoka, skrini inabaki nyeupe kidogo, kisha anaingia tena kushoto. Siku ya Alhamisi tulikuwa watu saba nyuma ya kiti changu, akiwemo yule bwana wa fomu, na konokono alipotoa pembe zake nje ya skrini watu walipiga makofi. Sijui walishangilia nini. Na mimi nilipiga.

Jumla nimekaa na konokono masaa sita kasoro dakika mbili, kwa hiyo nimepata nafasi ya kufikiri. Nimehesabu: likizo yako imebaki miezi miwili na siku chache. Stoo ya mafomu haikufai. Ulipokuwa na miaka minne ulikuwa ukiita mtu kutoka chooni mtaa mzima unaitika. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Nilisema sitauliza, na siulizi. Natoa taarifa tu kwamba nina nafasi, nina kiti, na mgongo wangu umeshazoea kukaa masaa matatu bila kugusa kitu.

Shangazi


6 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nina afya, nalala vizuri kidogo, jirani amenipa mche wa maua kwenye kopo. Hizo ndizo habari. Sasa ile simu ya Desemba.

Alikuwa mwanamume. Mke wake alianguka jikoni. Nilimwelekeza jinsi ya kukandamiza kifua, nikawa nahesabu pamoja naye, moja, mbili, tatu, kama nilivyofanya mara nyingi. Gari lilikuwa njiani. Katikati ya kuhesabu akaacha. Akasema, "Hayupo tena." Kitabu chetu cha kazi kinasema nimwambie aendelee. Nikamwambia aendelee. Akasema, "Dada, nakwambia hayupo."

Nami nikanyamaza. Dakika tatu nzima, Shangazi, mpaka gari likafika. Nilimsikia analia sikioni mwangu na sikuwa na neno. Miaka tisa ya maneno, na siku ile sikupata hata moja.

Madaktari walisema mama yule alikuwa ameshafariki kabla simu haijapigwa, kwa hiyo hakuna ambalo ningeweza kumwokoa nalo. Wote wananiambia hivyo kunifariji. Hawaelewi. Silii kwa sababu alikufa. Nalia kwa sababu mume wake hakuwa na mtu mwingine yeyote wakati ule isipokuwa mimi, na nilimwacha peke yake. Nikikaa kwenye kile kiti, taa ikawaka, naogopa kwamba nitamfanyia mtu mwingine vilevile.

Sasa unajua. Niambie unanionaje, na usinipambie.

Kipaza


10 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Wiki tano. Kama nimekuangusha, niandikie hivyo, nitavumilia. Kinachonishinda ni hiki kimya. Zimebaki siku ishirini na moja.

Kipaza


14 Mei

Mwanangu Kipaza,

Marahaba, na unisamehe. Kikaratasi chako kimefika leo asubuhi, nimekisoma mlangoni nikaingia ndani moja kwa moja kuandika, hata kanga sijavua. Baba yako mzima, goti limeshuka uvimbe. Hukuniangusha. Unisikie vizuri: hukuniangusha.

Barua hii nimeianza mara nne na mara nne nimeichana, kwa sababu kila nikitaka kukufariji kulikuwa na jambo langu linakaa juu ya kalamu. Nalo ni hili, sijalisema kwa mtu, hata kwa baba yako.

Miaka ishirini na sita iliyopita, asubuhi moja, sanduku langu la mawe ya mizani lilinidondoka kwenye ngazi za ofisi. Sheria ilikuwa jiwe likianguka lisitumike mpaka lipimwe upya. Nilikuwa na haraka. Nikaliokota, nikaenda dukani kwa muuza unga mmoja, mtu mpole, nikapima mizani yake nikaikuta ina kasoro. Nikaifunga kwa lakiri, nikabandika tangazo jekundu mlangoni kwake. Wiki tatu duka limefungwa. Mwezi uliofuata tulipokagua mawe yetu wenyewe, jiwe langu la kilo lilikuwa limepungua gramu kumi na moja. Lilimeguka pale kwenye ngazi. Mizani ya yule mzee haikuwa na kosa. Duka lilifunguliwa, lakini watu walishaanza kumwita mwizi wa unga, na kabla mwaka haujaisha akahama mji. Nilijua, nikanyamaza. Nikaendelea kupanda vyeo.

Kwa hiyo unaponiuliza nakuonaje, aibu ndiyo iliyonifunga mdomo, na ni aibu yangu, si yako. Mimi nilikosea kweli nikakataa kujipima. Wewe wamekupima wakakuta uko sawa, nawe ukajihukumu kwa kukisia. Unasema dakika tatu. Nani alizipima? Ulikuwa na saa mkononi? Mtu mwenye hofu hajui kupima, nimewaona wauza duka wakiapa nimesimama kwao saa nzima na nilikuwa nimesimama dakika kumi.

Simu zenu zinarekodiwa, uliwahi kuniambia. Nenda kaombe rekodi hiyo. Chukua saa. Pima ulinyamaza muda gani, andika, kisha pima tena. Zikiwa tatu, tutajua ni tatu na tutalia sote. Lakini usiingie stoo ya mafomu kwa kipimo ambacho hakuna aliyekipima.

Nakupenda sana. Hilo sikulipima, lakini nina hakika nalo.

Shangazi


29 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mara mbili, kisha nikaenda kuketi bafuni, mahali pekee ndani ya nyumba hii penye kufuli. Sina ubavu wa kukuhukumu, na hata ningekuwa nao nisingeutumia. Nimefurahi tu kwamba hulibebi peke yako tena.

Nilikwenda Jumanne. Msimamizi wetu wa zamu, yule mrefu asiyecheka, alisimama mara aliponiona. Alinipeleka chumba cha rekodi, akafunga mlango, akavuta kiti akakaa na mimi. Nikaweka saa mezani. Mara ya kwanza nilibonyeza kabla ya wakati, tukaanza upya.

Sekunde kumi na tisa.

Nikapima tena, kumi na tisa. Mara ya tatu msimamizi akapima kwa saa yake mwenyewe, kumi na tisa. Na baada ya hizo, Shangazi, yule bwana anauliza, "Dada, upo?" Na sauti yangu inasema, "Nipo. Siendi popote." Sikulikumbuka hilo hata kidogo. Ningeapa mbele ya hakimu kwamba sikulisema.

Kisha akaanza kuniambia kwamba mke wake alikuwa anamenya vitunguu. Nami nikamuuliza, "Alipenda vitunguu vingi?" Akasema, "Vingi mno, tuligombana kila siku." Akacheka kidogo akiwa analia. Tukazungumza vitunguu mpaka gari likafika. Ndiyo zile dakika tatu. Kichwa changu kilizifuta zote kikaniachia kile kimya, kisha kikakivuta kikawa kirefu. Msimamizi alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Nimewaandikia kwamba narudi. Zamu ya kwanza ni Jumatatu, tarehe kumi na tano. Lakini kuandika si kusema. Najua sasa kwamba sikumtupa yule bwana, na bado sijui kama taa ikiwaka sauti itatoka. Simu nimeiwasha, iko mezani, haiko kwenye sufuria. Ikilia naitazama tu.

Kipaza wako


6 Juni

Kipaza,

Marahaba. Sekunde kumi na tisa nimeziandika nyuma ya mlango wa kabati kwa penseli, baba yako ameuliza ni za nini nikamwambia ni zako, akaufunga mlango wa kabati taratibu. Nadhani anajua zaidi ya tunavyodhani. Ameanza kushuka ngazi bila fimbo, na jirani amekataa kumrudishia ile ngazi yake ya paa mpaka nitoe ruhusa.

Mwenye konokono amejibu! Anaomba radhi. Anasema alimtengeneza konokono awe anachoka, siku nyingine anapumzika zaidi, kwa hiyo mwendo haufanani. Anasema kwa miaka minne hakuna aliyewahi kumsindikiza hadi mwisho mara mbili, akaniuliza mimi ni nani. Ameondoa neno "kamili" akaweka "takriban", na kwenye gamba la konokono amechora muhuri mdogo wa mviringo: IMEKAGULIWA. Mkutubi amepiga chapa ukurasa ule na kuubandika ukutani. Nakuambia ukweli, nilipoona ule muhuri nilifurahi kuliko siku niliyopewa cheti cha kustaafu.

Yule muuza unga nimempata anakoishi, kwa mtoto wa dada yake. Nimemwandikia barua, nimeeleza yote, gramu kumi na moja na ngazi na haraka. Nimeipeleka posta mwenyewe. Hajajibu na halazimiki kunijibu.

Jumatatu hiyo ya tarehe kumi na tano nitakuwa maktaba tangu wafungue. Sitakuombea kwa sauti maana watanifukuza.

Shangazi


17 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Wote hamjambo? Nakuandikia kantini, nina dakika ishirini, kwa hiyo salamu za Baba na za mkutubi zigawe mwenyewe.

Jumatatu nilifika saa moja kasorobo asubuhi. Kiti changu walikuwa wamekishusha, nikakipandisha. Nikavaa hedifoni. Simu mbili za kwanza zilichukuliwa na wenzangu kabla sijanyoosha mkono, nadhani walifanya makusudi. Saa mbili na dakika kumi taa yangu ikawaka na kila mtu alikuwa ameshikika. Nikabonyeza. Kwanza hewa tupu ikatoka. Kisha nikasikia mtu anasema, "Simu ya dharura, uko wapi?" na mtu huyo nilikuwa mimi.

Ni mama mmoja. Mume wake amepanda juu ya kiti kutundika pazia, ameanguka, anaguna, bega limekaa vibaya. Nikamuuliza yote ya kuulizwa: anapumua, damu hakuna, anasikia, asimnyanyue, amfunike. Hayo tukayamaliza kwa dakika tatu. Gari lilikuwa mbali, dakika kumi na nne. Mama akaanza kuhema na kusema, "Atakufa, atakufa huyu," na mimi maneno ya kitabu yakaniishia. Nikakiona kile kimya kinakuja, Shangazi. Nilikifahamu.

Nikamuuliza, "Pazia lenyewe ni la rangi gani?"

"Nini?"

"Pazia. Ni rangi gani?"

Akasema, "Kijani. Ni la kijani, dada, nimelinunua mwenyewe, na huyu mtu tangu jana ananiambia ni bluu."

Na kwa mbali, kutoka sakafuni, nikasikia, "Ni bluu."

"Umemsikia? Umemsikia huyo? Amevunjika na bado anabisha!"

Tukaendelea hivyo mpaka mwisho. Nilimuuliza limeshonwa wapi, lina pindo gani, dirisha linatazama upande gani. Hayana maana yoyote, hakuna fomu inayoyauliza. Kila alipojibu pumzi zake zilikuwa zinashuka, na kila mume alipobisha nilijua bado yuko nasi. Nilikuwa na hofu muda wote na sikunyamaza.

Gari likafika. Nikamwambia sasa awafungulie mlango, anaweza kukata simu. Akaenda akawafungulia, nikasikia machela inaburutwa, kisha akarudi kwenye simu akihema, akaniambia, "Dada, usikate, ngoja kwanza nikumalizie habari ya pazia."

Nikamsubiri akamalizia. Mumewe alipokuwa anatolewa mlangoni akapaza sauti, "Bluu!", na wale wauguzi wa gari wakacheka, mama akacheka, na mimi nikacheka na hedifoni kichwani mbele ya msimamizi. Akanitazama, akarudi kwenye meza yake.

Kisha taa ikawaka tena, nikapokea.

Kipaza